Dawa Aliyoiandika Winfrida

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Anayeuliza huonekana hajui kwa kitambo kidogo tu. Asiyeuliza hubaki hajui, na mara nyingine madhara ya kutojua kwake humpata mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Severini, tabibu wa zahanati ya serikali katika kijiji kimoja cha Mgeta.

Kwa miaka kumi na tisa Severini alikuwa tabibu pekee kijijini hapo. Wakulima wa kabichi walimwamkia kwa mbali, na madereva wa malori ya mboga walipunguza mwendo wakimwona anavuka barabara. Kisha serikali ikaruhusu watu binafsi kufungua zahanati, na Winfrida akafungua yake karibu na kituo cha malori. Winfrida huyo alianza kazi kama mhudumu chini ya Severini, na ni Severini aliyemfundisha kushika sindano kabla hajaenda chuo cha utabibu.

Wagonjwa wakaanza kuteremkia kwake. Severini alisimama dirishani akiwatazama migongo, na wivu ukamla kama kutu ilavyo chuma. Winfrida alipoitwa mjini Morogoro kwenye semina ya dawa mpya zilizoingia na soko huria, naye Severini asiitwe, Severini alishindwa hata kula chakula cha mchana.

Aliporudi, Winfrida alipita kumsalimu. "Shikamoo, mwalimu. Nimekuletea maandishi ya semina. Ukipata nafasi tuyasome pamoja."

"Marahaba. Yaweke hapo," alijibu Severini. Hakuyafungua hata siku moja.

Asubuhi moja ya masika, mkewe Anastasia aliamka na homa kali, kikohozi na kichomi. Severini alimpima akajua ni nimonia. Alipovuta khanga sandukuni ili amfunike, ikadondoka kadi yenye mwandiko wa Winfrida, alioufahamu vizuri: "Anastasia ana mzio wa penisilini. Apewe erithromaisini."

"Ulikwenda kwake lini?" aliuliza.

"Mwaka jana, ulipokuwa msibani Kisaki. Nilikuwa na jipu. Alinichoma sindano ya penisilini nikavimba mwili mzima, akaniwahi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Baba Pendo? Jina lake halitajwi humu ndani." Anastasia alikohoa, akashika ubavu. "Kamuulize. Anaijua dawa inayonifaa."

"Nikamuulize mwanafunzi wangu namna ya kumtibu mke wangu?"

Alikwenda zahanati akafungua kabati. Mkono wake ulifika kwenye kopo la erithromaisini, ukasita. Kuitoa hiyo aliona ni kumpigia Winfrida magoti. Pembeni lilikuwapo kopo la amoksilini, dawa ngeni ambayo hakuwa ameisoma. Jina lake lilimtia shaka, kwa jinsi lilivyoishia kama la penisilini, lakini shaka hiyo aliimeza. Kadi haikuitaja amoksilini, alijiambia. Akambebea mkewe vidonge, akammezesha.

Haikupita nusu saa Anastasia akaanza kujikuna. Ngozi ilimtoka mabaka, midomo ikavimba, pumzi ikawa inapita kwa mluzi. Severini alijua anachokiona. Alijua pia kwamba adrenalini, sindano ya kufungua pumzi, ilikwisha zahanati tangu mwezi uliopita.

Alishuka mteremko mbio, akateleza kwenye tope, akaacha kiatu kimoja huko huko. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la Winfrida walimpisha.

"Winfrida, mke wangu anakufa. Nimempa amoksilini."

Winfrida hakumlaumu. Alichukua adrenalini na bomba la sindano, wakapanda mlima pamoja. Alimchoma Anastasia pajani, akamwinua miguu, akangoja. Mluzi haukukoma. Akamchoma tena. Severini alikaa chini, mgongo ukutani, akiisikiliza pumzi ya mkewe mpaka ilipofunguka.

Anastasia alipopata nguvu aliunyoosha mkono wake, si kwa mumewe, bali kwa Winfrida. Hata hapo wivu ulimchoma Severini, lakini safari hii uliambatana na aibu.

Mlangoni walikuwa wamesimama majirani na wagonjwa waliowafuata. Severini aliwatazama, kisha akamgeukia Winfrida.

"Nieleze. Amoksilini ina uhusiano gani na penisilini?"

"Ni ndugu wa tumbo moja, mwalimu. Anayedhuriwa na mmoja, tunamwepusha na wote."

"Na nimonia hii tuitibu na nini?"

"Erithromaisini, kwa kuwa haimo katika ukoo huo. Lakini leo asiachwe peke yake, maana uvimbe unaweza kurudi."

"Kwa vipimo gani? Nitajie polepole, niandike."

Winfrida alitaja, Severini akaandika, na mlangoni hakuna aliyecheka. Baada ya wiki mbili Anastasia alikuwa shambani akipalilia karoti, na kila Alhamisi Severini aliteremka kwenye zahanati ya mwanafunzi wake kuuliza habari za dawa mpya. Yule aliyeona haya kuuliza swali moja nusura amzike mkewe. Hakika, kuuliza si ujinga.