Wawili wa Ziwa Moja

Mwanamke mmoja huko Uingereza, jina lake Hesta, alikuwa na vichanga wawili kifuani, mmoja wake na mmoja wa watu. Huyo wa watu, Edmundi, alikuwa mrithi wa Lodi Penmore, kabaila mwenye ardhi kuanzia mtoni mpaka msituni. Wanawake wa jumba lile hawakunyonyesha, hivyo Hesta akaajiriwa kwa kazi hiyo. Sharti lilikuwa moja: mtoto wa jumbani ashibe kwanza, ndipo Tobia, mwanawe Hesta, apewe kitakachosalia. Edmundi akanenepa. Tobia akakua na miguu myembamba, na kila Hesta alipoitazama, moyo ulimsuta.

Miaka ikapita. Edmundi akarithi jumba na cheo, akaingia Baraza la Makabaila, akawa waziri. Alikuwa msemaji hodari. Akinena juu ya haki, watu walitoa leso. Ni yeye aliyepitisha sheria ya kuzungushia ua malisho ya kijiji, ambako maskini walilisha ng'ombe na kuokota kuni tangu enzi za mababu zao. Malisho yakawa yake. Atakayevunja ua, sheria ilisema, avushwe bahari akafanye kazi ngumu, pingu miguuni, mpaka afe.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Mke wa Tobia alikuwa amejifungua, na nyumbani hamkuwa na ukuni hata mmoja. Tobia aling'oa mbao mbili za ua, akawasha moto. Walimkamata majivu hayajapoa.

Hesta akaenda jumbani kwa miguu, akakuta karamu. Hakufukuzwa, afadhali angefukuzwa. Edmundi aliinuka, akambusu shavuni mbele ya wageni, akamketisha karibu naye, akawaambia kwamba huyu ndiye aliyemnyonyesha. Wageni wakapiga makofi. Mabibi wakafuta machozi. Hesta akaona mlango umefunguka. Akapiga magoti, akamwombea Tobia.

 Edmundi akamwinua taratibu, kwa mikono laini isiyojua jembe, akasema, "Mama, omba chochote kilicho changu, nitakupa. Lakini sheria haina mama."

Jikoni walimfungia nyama iliyobaki karamuni. Hesta aliibeba mpaka nje ya lango, akaitupa mtaroni, akaenda zake akijiuliza. Malisho yalikuwa ya nani? Ua ulijengwa kwa idhini ya nani? Kifua kile alichokipigia magoti kilikuwa kimejaa kwa chakula cha nani?

Tobia akavushwa bahari. Hakurudi.

Mwaka haukuisha, Lionel, mwana wa Edmundi, alitoka ulevini mchana kweupe, akapitisha farasi mbio katikati ya soko, akamkanyaga fundi viatu, akamwua. Hakimu alikuja jumbani, akala chakula cha mchana, akasifu mvinyo, akaamua kwamba marehemu alikuwa mzito wa kusikia. Lionel akapelekwa Italia akapumzike, maana walisema kijana amefadhaika sana. Mjane wa fundi viatu hakuulizwa kama naye amefadhaika.

Jumapili iliyofuata Edmundi alisimama kanisani kusoma Neno, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo wake. Kanisa lilijaa wakulima, wachunga ng'ombe, wafua nguo, watu waliomjua Tobia, watu walioinua maiti ya fundi viatu kwa mikono yao. Edmundi akasoma juu ya yatima na wajane, kwa sauti yake ile nzuri. Hesta hakuweza kuvumilia. Akainuka katikati ya somo, akashika njia ya mlangoni, na mjane wa fundi viatu akainuka akamfuata. Wakatoka wawili tu. Mlango ukajifunga nyuma yao, na somo likaendelea.

Edmundi anaye atakayemhukumu. Lakini wale waliobaki wameketi, walikuwa wakisikiliza nini?