Bi Mafunda Atafuta Jimu

Bi Mafunda wa Michenzani alikuwa ameshazikagua jimu mbili za mazoezi na kuzikataa alipoingia ile ya Makame, bwana aliyekuwa hata chai anakunywa mbele ya kioo.

"Ada ni ya mwaka mzima na hairudi," Makame alisema. "Na kwa mwili huo, bi mkubwa, umechelewa."

"Kweli, mwanangu. Lakini hiyo misuli yako ni ya kazi au ya picha? Nina kabati la mninga, mahamali wanne wamelikimbia. Ukilifikisha ghorofa ya nne bila kuhema, nitajiunga mimi na mashoga zangu kumi na wawili."

Makame alivua fulana, maana kabati halibebwi na mtu aliyevaa. Alipofika nalo juu nyumbani kwa Bi Mafunda, wanawake waliojaa ukumbini wakapiga vigelegele. Naye, akijua kifua chake ndicho kinachoshangiliwa, akashuka mwenyewe kufuata kitanda, kisha makochi, kisha friji.

Alasiri alikuwa amelala chali sakafuni.

"Haya, bi mkubwa," alisema akitweta, "mashoga waje wajiandikishe."

"Wanatandika kitanda. Binti yangu anaolewa kesho, na vyombo vyake ndivyo hivyo tulivyokuwa tukivipigia vigelegele."

"Na jimu?"

Bi Mafunda alimtazama anavyohema.

"Jimu yako nimeiona, mwanangu, haifai. Ngoja nikamjaribu yule mwenye jimu ya Darajani. Huko chini bado kuna jiko na mashine ya kufulia."