Fimbo ya Padri Anselmi

Imesimuliwa na waliotutangulia katika imani, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika misheni ya Kitandala aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Eufrasia. Alifunga Kwaresima yote bila kunung'unika, akawauguza wakoma waliokimbiwa na ndugu zao. Lakini alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa hicho ndicho kilichomtia mtihanini.

Desturi ya Kitandala ilikuwa hivi: padri akifika, humkabidhi mwenyeji fimbo yake, naye huitundika kwenye kigingi ukutani. Siku ya kuondoka, mwenyeji humrudishia kwa mkono wake, na hiyo ndiyo ruhusa na baraka ya safari. Aondokaye bila fimbo ameondoka kwa ugomvi. Tena kigingi kilikuwa kimoja tu: padri wa pili hapokelewi mpaka wa kwanza apewe ruhusa. Padri Anselmi alipofika, kijana mwenye ndevu haba, Bibi Eufrasia ndiye aliyeipokea fimbo yake ya mpingo. Sasa ndevu zilikuwa nyeupe, na fimbo bado ilikuwa kwa Bibi.

Ndipo Askofu akaagiza padri ahamie Lwamate, ng'ambo ya milima, ambako wagonjwa walikuwa wakikata roho bila kupakwa mafuta matakatifu. Waumini wakalia, wakaimba, wakachinja mbuzi. Asubuhi padri akaja kwa Bibi kuomba fimbo yake.

"Haipo, Baba," akasema Bibi bila kumtazama. "Imeliwa na mchwa."

Jamani! Mpingo kuliwa na mchwa! Hata watoto wa Kitandala walijua kwamba mchwa akiufikia mpingo huenda zake. Lakini unadhani kuna aliyefungua kinywa? Katekista alikohoa. Wazee wa kanisa wakatazama vidole vya miguu yao. Wote walitaka padri abaki, basi wakauacha uongo wa mwanamke mmoja uwafanyie kazi.

"Basi nitangoja, Bibi," akasema padri.

"Utangoja nini, nami nimekwambia imeliwa?"

"Nitangoja tu." Akaketi barazani.

Upole ule ulimkera Bibi kuliko matusi. Kila asubuhi padri alikuja na mzigo wake, akasalimu, akaketi. Kila jioni waumini wakamfanyia karamu nyingine ya kumuaga, hata mbuzi wa Kitandala wakawa wakisikia kengele wanatimua mbio. Bibi akaenda kanisani kumlalamikia Mungu. "Bwana, wewe una mapadri dunia nzima, mimi ninaye huyu mmoja. Alimzika mume wangu. Mimi atanizika nani? Wa Lwamate watafutie mwingine! Haya, nionyeshe njia yako." Akangoja jibu. Mungu akanyamaza, naye akatoka amenuna, kana kwamba aliyekosa ni Mungu.

Wapendwa, ni wangapi wetu huomba mwongozo hali tumekwisha kuificha fimbo?

Siku moja, mvua ikinyesha, akafika padri mpya aliyetumwa na Askofu, jina lake Padri Deusdedit. Akaja moja kwa moja kwa Bibi, akanyoosha fimbo yake kwa mikono miwili. Bibi hakuweza kuipokea. Mgeni akabaki uani, maji yakimtiririka.

"Bibi, nimekosa nini?" akauliza, meno yakigongana.

"Hukukosa kitu, Baba." Akamgeukia Padri Anselmi kwa hasira. "Na wewe umekaa tu! Ulijua tangu mwanzo kwamba mpingo hauliwi!"

"Nilijua."

"Mbona hukunisuta?"

"Ningekusuta, ungeitoa kwa aibu, na ya aibu haina baraka. Lakini Bibi, wagonjwa wa Lwamate hawana baraza la kungojea. Kesho ningekwenda bila fimbo, na lawama ningeibeba."

Neno hilo likamchoma. Akaingia ndani, akaivuta fimbo kutoka uvunguni mwa kitanda, imejaa utando wa buibui.

"Nilisema uongo, Baba. Niliogopa kufa bila wewe."

"Mungu aliyenileta nikiwa sijui hata kuwasalimu ndiye anayemleta huyu," akasema padri. "Mchungaji ni yeye, Bibi. Mimi nilikuwa fimbo yake tu."

Bibi akampa fimbo kwa mkono wake, akalia bila kujificha. Padri akaondoka mvuani, bila karamu, na mbuzi wakapona. Kisha Bibi akaipokea fimbo ya mgeni. Ilikuwa ya mti laini, imeanza kutobolewa na wadudu.

"Hii ndiyo mchwa wataila kweli," akanung'unika, akaitundika juu kabisa.

Inasemwa kwamba Bibi alipokaribia kufa, Padri Deusdedit alimpaka mafuta matakatifu. Alipomaliza, Bibi akaomba fimbo ile iteremshwe, akamkabidhi mkononi.

"Lakini Bibi, mimi siondoki," akasema padri.

"Ninaondoka mimi. Siku utakapoitwa, usije ukamngoja maiti."

Mola atujalie mikono inayojua kupokea, na inayojua kuachia bila kuvutwa.