Matone Matatu ya Bibi Kanga

Paukwa!

(Pakawa!)

Hiyo ni sauti yenu au ya mbu? Paukwa!

(Pakawa!)

Naam, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kulikuwa na nyika, na nyikani kulikuwa na moto. Si moto wa kuchomea mahindi, la. Moto wa kiangazi! Unakuja vuuu! na upepo mgongoni, unakula majani, unakula vichaka, unakula na mwenye miguu mizito. Wanyama walikimbia, wakakimbia, wakachoka.

Basi Muhanga, bingwa wa kuchimba, akachimba shimo refu la kukimbilia. Angeweza kulifanya lake peke yake. Hakufanya. Akawaita wote, akawaambia: "Ingia bure, chimba utakavyo, mwonyeshe mwenzio!"

Lo! Nyika ikachangamka. Ngiri akapanua mlango, maana matako yake mwayajua. Nungunungu akatoboa tundu la kutokea kwa nyuma. Nguchiro akatia kona, moshi usipite. Aliyejifunza hapa akaenda kuchimba lingine kule, bora zaidi, kisha akarudi kuwafundisha wenziwe. Puku puku puku, udongo unaruka, na wote wanaimba. Imbeni nanyi!

Ingia bure!
Chimba utakavyo!
Mwonyeshe mwenzio!

Sasa, jamani, nyikani kuna mashimo na mashimo. Mengine yana wenyewe, na wenyewe wana meno. Mgeni atajuaje? Bibi Kanga akawaza, akachovya mdomo kwenye udongo mweupe. Tap! Tap! Tap! Matone matatu juu ya jiwe la mlangoni.

"Hii ndiyo alama yetu," akasema. "Mwenye mdomo ataiweza, mwenye kwato ataiweza, mwenye pua tu naye ataiweza. Ukiona matatu meupe, ingia hata umefumba macho."

Alama ikapendeza. Ikapendeza mno, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ngiri aliitazama hivi, akaitazama vile. "Nzuri," akasema, "ila haina pembe." Akaichorea pembe mbili.

"Bwana Ngiri, unafanya nini?" Kanga akauliza.

"Naboresha! Si tumeambiwa chimba utakavyo?"

"Chimba, ndiyo. Lakini alama—"

"Aa, Bibi Kanga, usinibanie. Hapa kila mtu huru."

Nungunungu kuona vile, akaongeza miiba. Nguchiro akaongeza mkia. Pundamilia, ambaye hata kichwa chake hakipiti mlangoni, akaja na mistari yake! Kufumba na kufumbua, kila jiwe lina lake. Kanga akalia. Alilia kwelikweli, kwa uchungu. Wakamwambia ana roho ndogo.

Na Chatu je? Chatu alikuwa akitazama. Akajigaragaza kwenye udongo mweupe, akapita juu ya jiwe la mlango wake. Srrr! Ukabaki mstari mweupe uliopindapinda. Nani amuulize? Kila jiwe lina lake! Akaingia ndani, akajikunja, akangoja.

Kiangazi kikafika. Vuuu! Moto! Wanyama mbio, huyu huku, huyu kule. "Lipi letu? Lipi letu?" Ngiri akaona jiwe lenye mstari. "Aha! Fundi mpya! Mkono mzuri huo!" Akaingia. Na Ngiri, msisahau, huingia shimoni kinyumenyume. Matako kwanza, kichwa mwisho.

"Karibu," ikasema sauti ya ndani.

"Ahsante! Shimo lako lina ubaridi mzuri."

"Nashukuru."

"Mbona wanikumbatia?"

"Kwetu ndivyo tunavyopokea wageni."

"Mbona kumbatio lenyewe linakaza?"

Likakaza zaidi. Kisha Ngiri akapiga yowe, nyika nzima ikasikia: "Jamaniii! Shimo linanila!"

Muhanga akatoka mbio, Kanga nyuma yake, na moto huo unakuja. Wakamshika Ngiri pembe. Vuta! Hatoki. Vuta! Hatoki. Nungunungu akafika anahema. "Nipisheni!" Akageuka, akasimamisha miiba yake yote, akajipenyeza kinyumenyume ubavuni mwa Ngiri. Chwii!

"Mamaaa!" Huyo ni Chatu, miiba imejaa mdomoni. Akalegea. Ngiri akachomoka, chopo! kama gunzi kutoka chupani, akaruka juu, akaanguka juu ya Muhanga. Wote wakatumbukia shimo la kweli lililokuwa kando, na moto ukapita juu yao.

Mle gizani Ngiri akamsogelea Kanga. Aibu imemjaa, hofu imemjaa. "Bibi Kanga, nisamehe," akasema. "Nilidhani napamba. Kumbe nilikuwa nafuta."

Moto ulipozima wakasugua mawe yote. Tap! Tap! Tap! Jiwe hili matatu, jiwe lile matatu. Wimbo nao ukaongezewa mstari: Shimo ligeuze, alama iache!

Kiangazi kingine, asubuhi, Ngiri akamkuta nani jiweni, mdomo unachuruzika udongo mweupe? Kanga mwenyewe!

"Nimepata wazo," Kanga akasema. "Tone la nne. Dogo tu, hapa pembeni. Utaona litakavyokaa!"

"Thubutu!" Ngiri akalikalia jiwe zima. "Hata wewe!"

"Lakini ni yangu! Mimi ndiye niliyeibuni!"

"Ilikuwa yako. Sasa ni yetu."

Wakiwa katika kuzozana, akatokea Swala na mwanawe, wamejaa masizi, wametoka mbali ambako hakuna aliyewahi kumwona Kanga wala Ngiri, ila habari ya alama yao ilikwishafika. "Niondokee hapo juu ya jiwe, bwana wee, nione!" Swala akasema, pumzi zimemwisha. Ngiri akaondoka. Swala akatazama. "Moja, mbili, tatu. Mwanangu, ingia!" Mtoto akaingia, mama akafuata.

Kanga akasimama kidogo. Kisha akaufuta mdomo wake kwenye nyasi, naye akaingia.

Mmesikia, wakubwa kwa wadogo? Cha wote na kiboreshwe na wote, lakini alama ya kukitambulisha iwe moja, na anayeipenda kuliko wenziwe ndiye ajizuie kuliko wenziwe. Hadithi yangu imeishia hapo. Ichukueni bure, itieni chumvi mtakavyo, mkawasimulie wenzenu. Ila matone, nawaambia, ni matatu!