Turbo ya Kona Saba

Nguvu ya mbali haipandi mlima.

"Methali hii ilianza hivi, papa hapa gerejini," alisema Semboja. Wanagenzi walikuwa wamemsikia muuza chai akimsema kwayo mjomba wake aliye ughaibuni, wakataka kujua imetoka wapi. "Na msimuulize mwingine. Wengine watawapa nusu. Mimi naitoa nzima, sifichi hata skrubu. Kaeni hapo juu ya tairi."

Fundi Shehoza, anayechoma mahindi njia panda siku hizi na hagusi spana, ndiye aliyekuwa bingwa wa bonde zima. Kijiji kilikuwa na gari moja la wagonjwa, otomatiki, injini imechoka. Hospitali iko juu, nyuma ya Kona Saba. Gari lilizipanda kona hizo kama kinyonga anayekwenda msibani, lakini lilifika.

Kisha dada yake Shehoza, Mwajabu, akashika mimba baada ya kungoja miaka tisa. Daktari akasema mtoto huyu hatatoka ila kwa upasuaji; uchungu ukianza tu, mama apandishwe mlima. Shehoza akakosa raha. Kila akilitazama lile gari alimwona kinyonga. "Mpwa wangu hatazaliwa njiani," akaapa. Akatafuta turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, tena kubwa, iliyotoka kwenye gari la mashindano, akaifunga.

Gari likawa zito kuliko mwanzo! Turbo ile haikuamka mpaka injini ifike mizunguko elfu nne, na konvata ya zamani ilishika kwenye elfu mbili. Konvata ni bakuli la mafuta kati ya injini na giaboksi. Injini inakoroga mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi, kama uji mzito unavyozungusha sufuria lisilo na wa kulishika. Bakuli gumu hushika mapema, injini isipate nafasi ya kupanda. Bakuli legevu huiacha injini ipige kelele kwanza, ndipo gari liende.

Dawa ilikuwa turbo ndogo, inayoamka mapema. Lakini nani angemwambia Shehoza apunguze? Akaleta bakuli legevu, la elfu nne. Kwenye tambarare, gari tupu, likaruka kama panzi. Shehoza akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi.

Sasa, gereji hii ina desturi yake. Gari la mlimani halitoki kabla ya kupakiwa magunia saba ya mchanga na kupandishwa kilima cha mnadani mara tatu, na kila likishuka mtu ananusa mafuta ya gia. Yakinuka karanga zilizoungua, gari linarudi juu ya mawe, lifunguliwe upya. Safari ile mvua ilikuwa imenyesha, mchanga umelowa, magunia hayanyanyuliki. Basi.

Asubuhi uchungu ukamshika Mwajabu. Akapandishwa yeye, mama yake, mkunga na majirani wawili. Shehoza, mkono kwenye ufunguo, akauliza dirishani, "Magunia yalipanda?"

"Yalipanda, fundi. Nendeni."

"Nani alijibu?" aliuliza mwanagenzi mmoja.

Semboja alikohoa. "Gereji ina watu wengi. Sikiliza hadithi, we chawa."

Kona ya kwanza injini ilipiga kelele, magurudumu yakijikokota. Nguvu yote ilikuwa inaishia ndani ya bakuli, ikiyachemsha mafuta badala ya kulisukuma gari. Kona ya tatu, harufu ya karanga.

"Kaka, nini kinaungua?"

"Hakuna kitu, dada. Vumilia."

Alijua. Kulipumzisha gari hakuweza, maana mtoto hakungoja. Akazidi kukanyaga. Kona ya tano injini ililia juu kabisa na gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma, mpaka mkunga akaruka na kuweka jiwe. Shehoza aliendelea kukanyaga.

"Zima tu, kaka," alisema Mwajabu.

Walimbeba kwenye godoro kona mbili zilizobaki. Daktari alimwokoa mama peke yake.

Shehoza alikaa uani pa hospitali na kurudia neno moja tu: nguvu niliiweka mbali, nguvu ya mbali haipandi mlima. Watu wakalichukua. Yeye hakufunga gari tena.

"Semboja."

Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni, beseni la maandazi kiunoni.

"Naam, Dada Mwajabu! Karibu, sikukuona."

"Nilikuwa kiti cha nyuma. Aliyejibu ndiye aliyenifungia mlango, akaniambia, 'Utarudi na kidume, dada.' Hakuna mwingine anayenitania hivyo."

Wanagenzi waliangalia chini.

"Kaka yangu mpaka leo anaamini magunia yalipanda," alisema Mwajabu. "Anaamini pale mnadani mafuta hayakunuka, na kwamba kosa ni la kichwa chake tu. Miaka minne nangoja umwambie. Twende."

"Nitamwambia, dada. Wallahi nitamwambia. Leo sina nguvu. Kesho... kesho nitakuwa nayo."

"Kesho," alisema Mwajabu. Akaliweka beseni chini, taratibu. "Nguvu ya mbali haipandi mlima."