Cherehani Moja, Mafundi Watatu

Sogeeni, nina kesi ya kuwapa. Nikimaliza msinikodolee macho mimi, kwa sababu jibu sina.

Katika kiwanda kimoja cha mashati huko Korogwe, laini moja ilikuwa na mafundi watatu, na kila shati lilipita kwao kwa zamu. Wa kwanza, Mhina, aliunga mbavu na mikono. Alikuwa na mkono mwepesi, hata wenzake wakasema cherehani ndiyo inayochoka kabla yake.

Wa pili, Bi Mwanaheri, alishona kola. Alikwenda polepole, lakini pembe za kola zake zilitoka kali, na hakuna aliyejua anazigeuzaje, maana alizigeuza akiwa amewapa watu mgongo.

Wa mwisho, Kibibi, alitia vifungo. Huyu hakuwa bingwa wa chochote, ila ukimkalisha kiti chochote, kazi inafanyika.

Ikaja oda ya sare za shule. Meneja, Bwana Shekalaghe, akaweka cherehani mpya mezani.

"Oda ikitoka kabla ya Ijumaa jioni, hii inakwenda nyumbani na mmoja wenu," akasema. "Ikichelewa, nairudisha dukani."

Wote watatu wakaitamani mno, kwani hakuna aliyekuwa na cherehani nyumbani kwake.

Basi Mhina akaanza kukimbiza mashati, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kadiri alivyokimbiza ndivyo yalivyorundikana kwa Bi Mwanaheri, mpaka mama wa watu akaonekana kilemba tu. Kibibi naye, kwa kukosa shati la kutia kifungo, akawa anapiga miayo. Alhamisi ikafika, rundo liko palepale.

"Mama, ongeza kasi kidogo," Mhina akasema.

"Nikiongeza, watoto watavaa masikio ya mbuzi shingoni," akajibu Bi Mwanaheri.

Kibibi akasimama kati yao. "Kola ina kazi mbili, kugeuza na kushona. Nifundishe kugeuza, mama, wewe ubaki kushona. Na wewe kaka Mhina, mashati yako umeshayamaliza, njoo ukae kwenye vifungo."

Siri ya pembe ndiyo iliyomweka Bi Mwanaheri kiwandani miaka yote vijana wenye kasi walipokuwa wakiajiriwa. Akashusha pumzi, akageuka, akafanya mbele ya watu: akapitisha uzi ndani ya pembe, akauvuta taratibu, pembe ikachomoza.

"Haya, umeona. Sasa hata nisipokuja kesho, kola zitashonwa," akamwambia Kibibi. Alicheka, lakini roho ilimuuma.

Mhina akakunja uso. Pale kiwandani vifungo ni kazi ya anayejifunza, na laini ya jirani ilikuwa inatazama. Hata hivyo akahamia kiti cha mwisho.

"Bingwa kateremshwa daraja," wakamtania.

"Nileteeni na bibi wa kunifundisha," akajibu, nao wakacheka pamoja.

Ijumaa, kabla ya alasiri, shati la mwisho likakunjwa.

"Mimi ndiye niliyeona njia," Kibibi akasema.

"Bila siri yangu ungeipita vipi?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Na nisingekaa kile kiti, sare zingekwenda shule bila vifungo," akasema Mhina.

Bwana Shekalaghe akajikuna kichwa. "Naenda kuswali. Nikirudi nataka jina moja."

Sasa pimeni wenyewe. Kabla Kibibi hajasema neno, wale wawili walikuwa wanagombana tu. Siri ya Bi Mwanaheri imeshatoka, na hawezi kuirudisha tena. Mhina kazi yake ilikuwa imekwisha, angeweza kwenda kunywa chai zake. Na msiniambie wagawane, maana cherehani iliyogawanywa mara tatu haishoni hata leso.

Meneja huyo anarudi, viatu vyake vinasikika mlangoni, na wale watatu wanawatazama ninyi. Je, mnamtaja nani?