Mahakama ya Miguu

Watu wengi wakisikia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, humfikiria mama anayemnunulia mtoto peremende ili amnyamazishe dukani. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya peremende. Maana yake ni kwamba ukiogopa machozi ya mtoto leo, ukaliacha lililopasa kurekebishwa, machozi hayo hayapotei. Hubadili macho tu. Mwanamke nitakayemsimulia aliijua methali hii tangu utotoni, akawafundisha wenzake kwa miaka kumi na mmoja, na siku ilipombishia hodi mlangoni hakuitambua.

Kazi yake ilikuwa kuwaongoza vijana milimani. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili na ghala lililonuka mahema yaliyokunjwa kabla hayajakauka. Ukutani yalining'inia mabegi kumi na mawili ya mgongoni, kila moja na namba yake, na chini yake palikuwa na rafu ya buti kuukuu zilizopangwa kwa ukubwa wa mguu. Vijana walikuja kumi na wawili kwa wakati mmoja, wenye umri wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na sita, wakapelekwa vilimani siku sita kujifunza kusoma ramani, kupika kwenye upepo na kuvumiliana. Wengine walipelekwa na wazazi waliochoka nao, ingawa fomu hazikuwa na mahali pa kuandika hivyo.

Vijana walimwita Chuma. Alilijua jina hilo wala hakulichukia. Msaidizi wake waliyemwita Kobe alikuwa dereva wa lori wa zamani aliyechoka kukaa, na sasa alitembea mwisho wa msafara ili asiachwe mtu nyuma. Kwa sababu hiyo alijua visigino vya watu kuliko nyuso zao.

Jambo moja liliwatofautisha wawili hawa na viongozi wengine wa safari za namna hii, nalo ni mahakama ya miguu. Kila jioni, kabla chakula hakijapakuliwa, kila mtu alivua buti na soksi, akakaa kwenye gogo na kunyoosha miguu mbele yake. Chuma alipita akipiga magoti kwa kila mmoja, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, akapanua vidole kutazama katikati. Kobe aliandika katika daftari: namba ya begi, kisha neno moja, "mzima" au "lengelenge" au "apumzike". Sheria ilikuwa fupi: asiyeonyesha mguu haonyeshwi sahani. Watoto waliona haya, walinuka, walicheka, wengine walilia lengelenge lilipotobolewa na kusafishwa kwa dawa. Chuma hakujali kilio. Alijua kwamba lengelenge dogo kama kunde, likifungiwa katika soksi mbichi siku tatu, haliwi tena dogo. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumteremsha mtoto kwa machela. Ile machela ya ofisi ilikaa ghalani ikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Mwaka wa kumi na mbili, kaka yake alimleta binti yake. Msichana alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kujibu kila swali kwa neno "sawa". Kaka mtu alimvuta Chuma pembeni, nyuma ya mlango wa ghala.

"Dada, mama yake alipofariki huyu mtoto alilia mwaka mzima," alisema. "Sasa amenyamaza. Nakujua wewe na ukali wako. Nakuomba kitu kimoja tu: usimlize. Na unirudishie akiwa kwa miguu yake miwili."

Ombi moja, alisema, kumbe yalikuwa mawili. Chuma aliahidi yote. Alimpenda kaka yake, na kumwona akiomba namna ile kulimkata maini.

Ukaguzi wa vifaa ulifanyika saa hiyo hiyo, uwanjani. Msichana alitoa kwenye boksi buti mpya kabisa, karatasi za dukani zikiwa bado ndani yake. Sheria ilisema buti iwe imevaliwa angalau wiki mbili. Vinginevyo mtu achague kuukuu rafuni. Chuma alifungua mdomo kusema hivyo. Msichana akazikumbatia zile buti kifuani na kusema ni baba aliyemchagulia, na macho yakaanza kumlengalenga. Chuma akaufunga mdomo. Alimwambia avae soksi mbili, basi.

Siku ya kwanza walitembea saa sita. Jioni gogo likajaa miguu, isipokuwa ya begi namba saba, ndiye yule msichana. Alikuwa amekaa mwishoni, buti zimefungwa kamba mpaka juu. Chuma alipofika kwake, msichana alisema mguu uko sawa, anaona baridi tu. Mdomo wa chini ulimtetemeka. Chuma alimtazama, akakumbuka nyuma ya mlango wa ghala, akasimama.

"Andika mzima," alimwambia Kobe.

Kobe aliinua kichwa, akasubiri kidogo kuona kama ni mzaha, kisha akaandika.

Siku ya pili mambo yakajirudia hivyo hivyo, ila sasa Kobe alikuwa na ushahidi. Tangu saa nne asubuhi alikuwa ameona mguu wa kulia wa msichana ukikanyaga kwa upande, kama mtu anayepita juu ya changarawe. Walipokuwa wawili tu wakisugua masufuria, alimweleza Chuma. Chuma akajibu kwamba mtoto yule ana msiba moyoni, si kama wengine, na kwamba kumlazimisha mbele ya watu kungemwaibisha. Kobe akasema basi amtazame ndani ya hema, faragha. Chuma akasema ataona. Kuona kwenyewe hakukuonekana, maana alipochungulia hemani na kumuuliza, msichana alijifunika shuka na kusema kwa sauti ya kilio kwamba yuko sawa, na shangazi mtu akateremsha pazia.

"Dada, mtoto hulia akamaliza," Kobe alimwambia. "Mguu haujui kumaliza."

Chuma alimwambia aangalie ukoko wa sufuria lake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minane, na hilo ndilo neno baya kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Siku ya tatu mvua iliwanyeshea toka asubuhi. Jioni alikuwepo mahakamani kijana mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Chuma alimtoboa lengelenge la kidole, naye akapiga ukelele uliowaamsha ndege, akalia kwa machozi halisi, na dakika tano baadaye akawa anagombania ukoko. Akiwa na mdomo umejaa aliuliza mbona begi namba saba hahukumiwi, au ana wakili. Vijana wakacheka. Chuma hakucheka. Alimwambia ale anyamaze, akamgeukia Kobe, na Kobe, bila kumtazama, akaandika "mzima" kwa mara ya tatu. Uso wa Chuma ulimwaka kwa aibu, maana alijua kwamba amevaa miwani ya mbao na watoto wote wanaiona.

Asubuhi ya siku ya nne msichana hakutoka hemani. Alikuwa na homa kali, anatetemeka, na buti ya kulia ilikuwa bado mguuni, kwa sababu usiku hakuweza kuivua. Kobe alikata kamba kwa kisu. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama, ikabidi ilowanishwe kwa maji ya uvuguvugu ndipo ikubali kutoka. Kisigino chote kilikuwa kimechubuka na kutunga usaha, na harufu yake iliwatoa nje wasichana wawili waliolala naye. Mstari mwekundu ulipanda kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti. Kinenani kulikuwa na mtoki umevimba kama yai.

Chuma alipiga magoti mbele ya mguu ule, kama alivyopiga mbele ya mamia mengine, na safari hii hakuwa na amri ya kutoa. Amri zilitolewa na Kobe. Simu hazikushika mtandao. Barabara ilikuwa nyuma ya vilima viwili, mwendo wa saa sita kwa mtu asiyebeba kitu. Vijana walikata miti miwili mirefu, wakapitisha ndani ya makoti manne ya mvua yaliyofungwa vifungo, ikawa machela. Ile ya ofisi ilikuwa mbali, ndani ya nailoni yake.

Walimbeba sita sita, wakipokezana kila baada ya dakika kumi. Redio alishika mbele kwenye miteremko na hakusema neno tangu asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama. Chuma hakukubali kupokewa mpaka Kobe alipomng'oa vidole kwenye mti. Kilima cha kwanza kilipita msichana akilia kwa sauti, akimwita baba, akimwita mama. Kila kilio kilimchoma shangazi mtu kama msumari. Kisha, kwenye mteremko wa pili, msichana akanyamaza. Alikuwa amelala macho nusu wazi, midomo imekauka, hajibu hata lile "sawa" lake. Hapo ndipo Chuma alipoanza kuomba, kwa sauti ambayo vijana wote waliisikia, kwamba mtoto yule alie tena.

Walifika barabarani, wakasimamisha gari la kwanza lililopita, wakafika hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu mpaka alipofunua mguu. Aliuliza jeraha lina siku ngapi. Kobe akatoa daftari mfukoni na kumpa, kwa kuwa ndio utaratibu wao na hakutaka kudanganya kwa mdomo baada ya kudanganya kwa kalamu. Daktari alifuata mstari wa begi namba saba kwa kidole.

"Siku ya kwanza mzima, ya pili mzima, ya tatu mzima," alisoma. "Mguu huu?"

"Sikuuona," Chuma alisema. "Niliogopa atalia."

Daktari alimrudishia Kobe daftari, akaita watu wa chumba cha upasuaji.

Mguu uliokolewa. Nyama iliyooza ilikatwa, na baadaye ngozi ya paja ikabandikwa kisiginoni. Daktari alieleza kwamba wangechelewa siku moja zaidi angekuwa anazungumza habari nyingine kabisa, na kwamba msichana atatembea, lakini kwa miezi kadhaa atatembelea magongo, na huenda akachechemea kidogo maisha yake yote. Alipozinduka, msichana alimweleza shangazi yake sababu ya ukimya wake. Aliogopa kwamba mguu ukionekana, buti za baba zitachukuliwa na atapewa kuukuu. Ni hayo tu. Dakika mbili za kulia kwa ajili ya buti, siku ile uwanjani, ndizo Chuma alizoshindwa kuzivumilia.

Kaka mtu alifika kesho yake. Chuma alikuwa ukumbini, akisubiri kutukanwa, na kwa hakika alitamani atukanwe. Kaka yake aliingia wodini, akakaa huko muda mrefu, akatoka na kusimama mbele yake.

"Nilikwambia usimlize," alisema. "Sikukwambia usimtazame."

Akapita kwenda kutafuta maji ya kunywa. Chuma alibaki ukumbini akiwa hana hata wa kubishana naye.

Ripoti ya safari aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaeleza buti, daftari na yale maneno matatu ya uongo, akaipeleka ofisini pamoja na kipenga chake cha kiongozi. Kama walimrudishia kipenga au la, hilo ni jambo la ofisi.

Kila asubuhi jeraha lilifunguliwa na kusafishwa. Siku ya kwanza muuguzi, mwanamume mnene mwenye mikono myepesi, aliomba ndugu mmoja amshike mgonjwa mguu, na ashike kwelikweli, asiulegeze hata akisihiwa. Baba mtu alijaribu, dawa ilipogusa tu akaachia na kutoka nje. Chuma akaingia, akashika juu ya goti na kwenye kifundo.

"Shangazi, mwambie aache," msichana alilia. "Nakuomba, mwambie."

"Lia, mwanangu, lia," Chuma alisema. "Lakini siachii."

Msichana alilia siku ile, na ya pili, na ya tatu, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanatoka kwenda kuota jua saa ya dawa ikikaribia. Siku ya sita alilia kidogo. Siku ya tisa aliuma mto, akatazama dari, muuguzi akamaliza akamsifu kwamba amejikaza kisabuni.

Msichana akageuza kichwa kumtazama aliyemshika.

"Shangazi, mimi nimeshanyamaza," alisema. "Na wewe?"

Mikono yote miwili ya Chuma ilikuwa bado imeshika mguu, na hakuwa na wa tatu wa kujifutia machozi. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.